Nilivyomfundisha Mume Wangu Kupiga Goti

Mume wangu alikuwa dereva hodari wa polisi na mpiga bastola mbovu. Nayataja yote mawili pamoja kwa sababu wanaomkumbuka hapa Nakuru humkumbuka kwa jambo la tatu, ule utepe wa cheo alioshonewa mkononi mwa shati baadaye, na utepe ule mimi sitaki uzungumzwe mbele yangu. Nimewahi kumfukuza mgeni nyumbani kwa ajili yake, chai yake ikiwa bado mezani. Watoto wa kaka yangu huniambia, shangazi, hasira hizo zitakuua. Hazijaniua. Wote waliojua ulivyopatikana wamekwisha kufa isipokuwa mimi, basi wacha niandike.

Tulikuwa tukikaa katika laini za polisi, chumba kimoja cha mawe chenye paa la bati, na mlango uliotazama Menengai. Tulikuwa watu wa magharibi sote wawili, tumelelewa misheni, tumefungishwa ndoa kanisani, na tulikuwa tumeletwa Nakuru na kazi yake. Mimi nilikuwa fundi wa nguo. Cherehani sikuwa nayo, nilishona kwa mkono, na wake za askari waliniletea mashati ya waume zao niyatie vifungo na viraka. Kwa kazi hiyo nilijua mambo mengi ya watu. Suruali haifichi siri. Goti likichakaa, kiwiko kikitoboka, unajua mwenyewe alikuwa akifanya nini.

Ilikuwa miaka ya hamsini, katika ile Hali ya Hatari ambayo sisi tuliiita Imajensi. Watu walikuwa wameingia msituni wakidai ardhi yao, na serikali ya wazungu ilikuwa ikiwatafuta kwa bunduki. Mama mmoja Mkikuyu aliyekuwa akiniuzia maziwa alipakiwa kwenye lori pamoja na kitanda chake, na sikumwona tena. Sisi wa laini tulikuwa upande wa serikali kwa sababu ndiyo iliyotulisha. Sisemi zaidi ya hapo. Nani alikuwa na haki, mimi nilikuwa najua hata wakati ule, lakini kujua hakujazi sufuria.

Mwaka mmoja kabla ya haya, tulikuwa tumempoteza mtoto wetu wa kwanza, mvulana wa miezi saba. Homa ilimshika Jumanne, na Alhamisi akawa hayupo. Baba yake alikuwa juu ya Molo akilinda shamba la mzungu. Nilimzika na majirani. Yeye alifika siku ya nne, buti zimejaa matope, mkononi ana kifuko cha viazi alivyopewa huko, akaniuliza, "Mtoto anaendeleaje?" Ujumbe ulikuwa umemfikia nusu. Nilimwonyesha kwa kidole upande wa makaburi. Alisimama na vile viazi muda mrefu, hajui aviweke wapi.

Baada ya hapo majirani hawakujua waniite nani. Waliokuwa wakiniita kwa jina la mwanangu walianza kuniita mke wa dereva. Yeye peke yake aliendelea kuniita mama, nami nikaendelea kumwita baba, tukiwa wawili tu chumbani, hakuna mtoto. Nilipopata mimba ya pili niliapa mbele ya Mungu na mbele ya sufuria zangu kwamba huyu atazaliwa baba yake akiwa mlangoni, na mikono ya kwanza ya kiume kumpokea itakuwa ya baba yake. Sikuomba kitu kingine mwaka ule.

Mimba ilikuwa na miezi minne siku ile mume wangu aliporudi kazini na habari. Afisa mzungu aliyekuwa mkuu wao alikuwa amewakusanya madereva wanne, akawaambia kwamba dereva wake mwenyewe atachaguliwa kwa bastola. Mume wangu aliyarudia maneno kama yalivyosemwa, kwa lugha ile waliyotuzungumzia wazungu, isiyo na kichwa wala mkia.

"Alisema hivi: dereva ile napiga muzuri, hiyo nabaki na mimi. Ile napiga mubaya, napewa bunduki, nakwenda Molo."

"Nabaki na mimi?"

"Ndiyo. Nabaki na mimi."

Nabaki na mimi. Tuliyageuza maneno hayo kama watu wanaogeuza nguo kutafuta mshono. Afisa yule alikuwa na nyumba Nakuru, upande wa juu, na mke, na maua ya waridi yaliyomwagiwa maji hata wakati wa ukame. Kila asubuhi alikuja ofisini, kila jioni alirudi kwake. Kubaki naye ni kubaki wapi, kama si hapa? Na lile la pili, ni Molo. Molo tulikuwa tunaijua. Molo ilikuwa imekwisha kutuchukulia mtoto. Nilimwambia mume wangu, "Baba, utapiga muzuri." Akatazama mikono yake, akacheka kwa huzuni, kwa sababu alikuwa anaijua.

Aliyewafundisha alikuwa sajini mmoja mzee aliyepigana Bama katika vita vya pili vya dunia, mtu mkavu, asiyepoteza neno. Kila siku alasiri aliwapeleka renji, uwanja wa kulengea shabaha, chini ya mlima, ambako mbao za shabaha zilipakwa ule udongo mweupe wa Kariandusi, na katikati wakachora duara jeusi kwa masizi. Dereva, sajini aliwaambia, hachagui atashambuliwa akiwa amekaaje. Kwa hiyo watapimwa kwa namna nne: wamesimama, wamepiga goti moja, wamelala kifudifudi, na wamekaa nyuma ya usukani.

Hayo yote niliyapata jioni, mume wangu akinionyesha chumbani kwa mwiko wa ugali. Bastola alikuwa haruhusiwi kuja nayo nyumbani, basi mwiko ukawa bastola. Alinieleza kwamba bastola ni ile ile, mkono ni ule ule, jicho ni lile lile, lakini ukibadilisha namna ya kukaa, risasi nayo hubadilisha njia. Ukisimama, mwili wote unayumba kidogo hata ujikaze vipi, kwa hiyo miguu ndiyo inayolenga kabla ya mkono: unaielekeza kwanza, ukifumba macho na kuyafumbua unakuta mkono uko palepale. Ukilala, tumbo likivuta pumzi linanyanyua mtutu. Ukikaa nyuma ya usukani, mbavu zinabanwa, bega linapinda, na risasi zote zinakwenda kushoto. Sajini alikuwa na msemo wake, na mume wangu alipenda kuuigiza, sauti na kikohozi chake pia.

"Mkono haina makosa. Makosa iko kwa makalio. Kaa muzuri kwanza, halafu ndio ulenge."

Nilicheka mpaka mtoto tumboni akashtuka. Lakini mwisho wa juma la kwanza matokeo hayakuwa ya kuchekesha. Alikuwa wa mwisho kati ya wanne.

Basi nikaingia kazini. Nilichukua kitambaa cheupe, nikashona kifungo cheusi katikati, nikakitundika ukutani. Nikamwambia alenge kifungo. Nilianza na pumzi, kwa sababu pumzi niliijua. Anayetia uzi kwenye sindano anafanya kazi ile ile. Huwezi kuibana pumzi kama mtu anayezama, mkono utatetemeka. Unaitoa taratibu, na pale inapokwisha, kabla hujavuta nyingine, pana kituo kidogo cha utulivu. Uzi huingia hapo. Nilimpa sindano na uzi, nikamlaza kifudifudi sakafuni, nikamwambia atie. Alitia mara ishirini na kitu, akitukana kwa lugha ya kwetu. Kesho yake akaniletea habari kwamba akilala, risasi tano kati ya sita zimeingia kwenye duara.

Kwenye usukani tulitumia kiti na ungo. Niligundua kwamba alikuwa anageuza bega peke yake, makalio yamebaki yanatazama mbele. Nikamwambia ageuke mzima, kuanzia kiunoni, kama mtu anayemtazama mtoto kiti cha nyuma. Ikamkubali. Kusimama kukafuata.

Goti lilikataa.

Akipiga goti alikuwa haigusi hata ile mbao. Risasi zilikwenda kwenye majani, kwenye mawe, moja ilikata waya wa ua. Sajini alikuwa amemwonyesha kwamba usikalishe mfupa wa kiwiko juu ya mfupa wa goti, kwa sababu mfupa juu ya mfupa huteleza. Sukuma kiwiko mbele kidogo, nyama ya mkono ikae kwenye goti. Alifanya hivyo. Nilikagua mwenyewe, kiwiko kilikuwa mahali pake, mgongo umenyooka, mwiko umetulia kabisa. Nilisimama pembeni jioni nzima nikimtazama kiwiko, na kiwiko kilikuwa hakina kosa. Siku tatu nilitazama kiwiko. Ndipo kijiko kikaniponyoka, nikainama kukiokota mbele yake, na nikanyanyua kichwa nikiwa uso kwa uso naye.

"Baba, umefunga macho."

"Nani amefunga macho?"

"Wewe."

"Mimi ni askari. Naweza kulenga na macho imefungwa?"

"Askari hana kope? Nimekuona."

Tuligombana. Alikuwa mpole, lakini mtu hapendi kuambiwa jambo linalofanywa na mwili wake bila yeye kujua. Nikaacha maneno. Kesho yake nilimwambia apige goti na kulenga kama kawaida, na alipotoa pumzi, polepole nikakishusha kile kitambaa na kutundika kingine chenye kifungo chekundu. Mwiko haukutikisika. Alipomaliza nikamzuia kwa kiganja mbele ya uso.

"Kifungo ni rangi gani?"

"Nyeusi. Unaniuliza nini?"

Nikaondoa kiganja. Alikitazama kile kifungo chekundu, akakaa chini sakafuni.

Sababu haikuhitaji mganga. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, wa wale wa zamani waliompokea Yesu pamoja na kiboko. Nyumbani kwao walipiga magoti asubuhi, mchana na jioni, na mtoto aliyefumbua macho wakati wa sala alichapwa, kwa maelezo kwamba anamchungulia Mungu. Nilimuuliza mume wangu, baba yake alijuaje nani amefumbua kama yeye mwenyewe alikuwa amefumba? Hakuwa amewahi kuliwaza hilo, na hakulipenda. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Tangu hajajua kusema, goti likigusa ardhi, kope zinashuka. Sajini alikuwa anafundisha mkono, na kumbe mkono haukuwa na habari.

Nikamwambia dawa ni moja: tutasali macho wazi.

Aliogopa kweli. Mtu aliyeendesha gari usiku bila taa kwenye barabara za Elmenteita aliogopa kusali akiwa anaona ukuta. Nilimwambia Mungu anatujua sura, hatashangaa. Nilimwambia mengi. Nilikuwa na ulimi mwepesi siku zile, na nilikuwa na mtoto tumboni, na mwanamke mwenye mtoto tumboni ana jibu la kila kitu. Basi kila jioni, kabla jua halijazama, tulipiga magoti mbele ya kitambaa, tukakazia macho kifungo, tukasali kwa sauti. Siku za kwanza kope zake zilikuwa zinapigana kama za mtu mwenye moshi machoni. Nikiziona zinashuka, nilimfinya. Tuliomba kitu kimoja tu, kwamba abaki. Tuliomba hivyo majuma matatu, na mwisho wake alikuwa anaweza kupiga goti, akasema amina, na macho yake yakawa wazi kama ya ndege.

Siku ya mtihani alipiga goti mbele ya afisa, na risasi zote sita zikaingia kwenye duara. Alikuwa wa kwanza kwa goti, na wa kwanza kwa jumla. Alirudi akikimbia. Dereva wa watu, mtu mzima, alikuja akikimbia katikati ya laini na kofia mkononi, akaniinua mimi na tumbo langu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tena, na sioni aibu kusema hivyo hata baada ya yote yaliyofuata.

Kesho yake nilikuwa naanika nguo. Sajini akaja. Nilidhani ana shati la kushonwa.

"Mama, hii goti ya dereva, ni kazi yako?"

"Ni yangu, afande." Nilisema kwa majivuno, sitaficha.

Akaigeuza kofia yake mara mbili. "Wewe ni fundi. Lakini ungeniuliza kwanza."

"Nikuulize nini?"

"Mimi niliona yeye anafunga macho. Siku ya pili tu niliona. Nikanyamaza."

Nilimtazama nikidhani uzee umemchezea. Niliuliza kwa nini anyamaze, na mwanafunzi ni wake.

"Kwa sababu bwana anahama. Jumatatu anaingia msitu, huko juu nyuma ya Molo, kutafuta watu. Na dereva yake anabaki na yeye. Kila mahali. Akishuka kwa gari anashuka, akilala kwa majani analala. Wale wengine wanaenda kulinda viazi ya mzungu. Nilitaka huyu wako alinde viazi, mama. Nilijua mlizika."

Nilibaki nimeshika shuka lililolowa. Nabaki na mimi. Hakusema wapi. Sisi ndio tulioshona Nakuru kwenye neno lile, kwa uzi wetu wenyewe, kwa sababu tuliitaka mno. Usilolijua ni usiku wa giza, na mimi katika giza hilo nilijifanya mwenye taa.

Nilimwendea mume wangu nikamwambia aseme macho yanamuuma, aseme chochote. Alikataa. Jina lilikuwa limekwisha kuandikwa, na kusema kweli hakuwa ametaka kulifuta. Alikuwa hajawahi kuwa wa kwanza katika jambo lolote maishani mwake. Aliniambia, "Mama, wewe ndiye umeniweka hapa," naye alikusudia kunishukuru.

Aliondoka Jumatatu. Binti yetu alizaliwa miezi mitatu na nusu baadaye, na mlangoni palikuwa na jirani tu akichemsha maji. Wale madereva watatu walioshindwa walikwisha kurudi kutoka Molo kufikia hapo, mashavu yamewajaa kwa viazi na maziwa. Nilikuwa nikiwaona wakipita na nilikuwa nawachukia, ingawa hawakuwa wamenikosea kitu.

Mume wangu alirudi mtoto akiwa na miezi mitatu. Alirudi mzima, hana jeraha, ana utepe mkononi ambao mtu mwingine alikuwa ameushona vibaya. Nilitoka mbio nikiwa na mtoto, nikamnyooshea. Alirudi nyuma hatua moja. Akasema, "Ngoja kwanza, nina vumbi." Nikaleta maji, akanawa. Akasema ana kikohozi. Kesho yake akasema mikono yake ni baridi. Siku ya tatu nikauliza kwa hasira, huyu si mtoto wako? Ndipo alipokaa ukingoni mwa kitanda, mchana, buti miguuni, akanieleza utepe ule ulivyopatikana.

Walikuwa wameacha gari na kutembea, yeye na afisa, asubuhi yenye ukungu. Wakafika kwenye kijito. Ng'ambo, karibu kabisa, mtu mmoja alikuwa amepiga magoti akinywa maji kwa kiganja, amewapa mgongo. Bunduki ilikuwa chini kando yake. Afisa alimgusa bega, akamnong'oneza, piga. Mume wangu akapiga goti moja. Akasukuma kiwiko mbele. Akatoa pumzi, akangoja pale inapokwisha.

"Nilikuwa nangoja macho ifunge, mama," aliniambia. "Kweli nilikuwa nangoja. Haikufunga."

Aliona kila kitu. Koti la yule mtu lilikuwa na kiraka mgongoni, chini ya bega la kushoto. Mume wangu alikuwa amekaa na mimi miaka minne, alijua kazi ya sindano. Aliniambia kiraka kilikuwa kimeshonwa kwa mkono, mishono midogo midogo, imebanana, pembe zimekunjwa ndani zisichanike. Nguo nyingine yote ilikuwa matambara, lakini kiraka kilikuwa kizuri. Alilenga pale kwa sababu palikuwa panaonekana vizuri.

Nilijua mara moja kiraka cha namna ile hushonwa na nani. Mwanaume hajishonei pembe zikakunjwa. Mahali fulani mwanamke alikuwa amekaa na koti lile mapajani, akakata uzi kwa meno. Nikaenda nje. Mpaka leo sijui nilimwonea nani uchungu zaidi, mwanamke yule au mimi, na nadhani ilikuwa mimi, Mungu anisamehe.

Sasa, kwetu magharibi, mtu aliyemwaga damu ya mtu, hata vitani, hamshiki mtoto mchanga. Mikono yake ina joto la yule aliyekufa, na mtoto atadhoofika. Wazee humtakasa kwa kondoo, humnyoa, humwosha, na siku hiyo hiyo anarudi kuwa baba wa watu. Ni jambo dogo. Mama mkwe wangu alipopata habari alipanda treni akaja, akakaa nasi siku mbili, akimsihi mwanawe kwa sauti ya chini kama watu wanaopanga wizi. "Kondoo mmoja tu, mwanangu. Na wazee wawili. Asubuhi tu." Lakini baba mkwe alikuwa ameandika barua. Aliandika kwamba damu ya Yesu inatosha, na kwamba mtoto wake akienda kwa kondoo atatengwa kanisani.

Mume wangu akakwama hapo katikati. Hakumwamini kondoo kiasi cha kukubali achinjwe, lakini alimwamini kiasi cha kutomgusa binti yake. Na Yesu naye vivyo hivyo, alimwamini kiasi cha kuogopa kutengwa, lakini si kiasi cha kuona mikono yake ni safi. Mimi nilikuwa mtu wa kanisa, na ningemchinja kondoo yule kwa mkasi wangu wa kushonea kama ingesaidia. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba kama ni dhambi, nusu ni yangu, kwa sababu bila mimi angefumba macho, risasi ingekwenda majani, na yule mtu angenyanyuka akakimbia. Alisema, "Usiseme hivyo." Hakusema si kweli. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini wangu alikuja mapema, hata kabla sijalea mtoto.

Afisa aliitwa kwenda kwingine, na mume wangu akarudishwa Nakuru, ofisini, kazi ya mchana. Kila jioni alikuwa nyumbani. Alimkatia binti yetu kuni za kupashia maji, akamtengenezea kitanda cha mbao, akampulizia uji ukapoa. Mtoto akilia, aliniita. Alipoanza kutambaa akimfuata, alikuwa akipanda kitandani na kukunja miguu.

Siku moja Jumapili, baada ya chakula, mtoto akiwa na miezi kumi, uvumilivu uliniisha. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Nilimchukua mtoto, nikampandisha mapajani mwake bila kusema neno, nikarudi nyuma hatua mbili.

Alinyanyua mikono juu. Yote miwili, viganja wazi, kama mtu aliyejisalimisha. Mtoto alidhani ni mchezo, akacheka, akanyanyua yake pia. Kisha akachoka, akashika ukosi wa shati la baba yake, akauegemeza uso kwenye kifua chake, akalala. Machozi yalikuwa yakimtoka mume wangu na kuangukia nywele za mtoto, na hakushusha mkono ayafute.

"Baba, mshike. Ataanguka."

"Mchukue, mama."

"Mshike."

"Mchukue. Tafadhali."

Nilingoja. Nilikuwa na hakika kwamba mikono ya mtu huchoka, na kwamba ikichoka itashuka yenyewe, na ikishuka itamkuta mtoto. Nilihesabu moyoni mpaka nikapotea hesabu. Mtoto akaanza kuteleza kidogo kidogo upande wa kushoto, usingizini, na mikono ilikuwa bado iko juu. Nikaenda nikamchukua.